Picha ya Treni Iliyomnasa Gideon

"Ni yeye! Jamani Zefa, ni yeye kabisa, na hilo jaketi mama ndiye aliyelishona mfuko kwa uzi wa kijani!"

Nilipiga kelele mpaka mteja aliyekaa kwenye kiti cha picha ya pasipoti akageuka, picha yake ikaharibika. Zefania hakukasirika. Alisogea kwenye picha ya ukutani niliyoionyesha kwa kidole, akakodoa macho, halafu akaniuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwanaume ninayempenda.

"Mtu yupi?"

Wapendwa, ngoja niwaweke sawa haraka haraka. Mimi ni Agape wa Rusimbi, diploma yangu nimemaliza mwaka jana, nipo nyumbani nasubiri ajira. Zefania ndiye mtu wangu. Ana studio ndogo ya picha karibu na stesheni ya reli, na Kigoma nzima inamwita kichaa wa treni. Treni ikiingia, watu wote wanakimbilia mizigo na ndugu zao. Yeye anapiga picha kichwa cha treni, anaandika namba yake kwenye daftari, na dakika iliyoingia. Ugonjwa huo karithi kwa babu yake, aliyefanya kazi kwenye magarimoshi ya mvuke yaliyotoka Uingereza.

Na huko Uingereza kumbe wagonjwa wenzake wapo kibao. Wazee wazima wanasimama kwenye mvua kusubiri treni ipite waipige picha. Zefa yuko nao kwenye grupu la WhatsApp. Rafiki yake mkubwa ni mzee Trevor. Zefa anamtumia treni zetu, Trevor anamtumia za kwao: za moshi alizopiga marehemu baba yake, na hizi za sasa anazopiga mwenyewe. Kila picha ina namba, tarehe na dakika.

Sasa hiyo ya ukutani ilikuwa ya Septemba. Treni kuukuu ya rangi nyekundu imesimama kwenye stesheni ya mji mmoja wa kaskazini huko. Pembeni kabisa, mwanaume mrefu mweusi anainua kigari cha mtoto akiingize kwenye behewa, na mwanamke wa kizungu ameshika upande wa pili.

Mwanaume ni Gideon. Mchumba wa dada yangu Marcelina.

"Hii picha imekaa hapa wiki ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi, hivi."

"Na hukumwona? Zefa, wewe ndiye uliyempiga picha ya pasipoti akiondoka!"

"Niliangalia treni, Agape. Watu wanaharibu picha. Mimi huwa nasubiri wapite."

Nilitaka kumpiga na kile kiti. Lakini yeye alishafungua kompyuta. Akanieleza kwamba treni ile inastaafishwa mwezi wa kwanza, kwa hiyo Trevor amekuwa akiipiga kila mwezi kwa kumbukumbu, Jumamosi, ile ya saa sita na dakika kumi na mbili mchana ya kwao. Tukaanza kuzikuza moja moja. Picha za hawa wazee ni kali, unaona mpaka kope.

Gideon alikuwemo mara tatu. Machi, mwanamke yule yuko pembeni yake, tumbo ndiyo kwanza linajitokeza. Juni, tumbo limetangulia mbele. Septemba, kigari. Zefa alikuwa anasoma tarehe kwa sauti ya chini, kama daktari anayesoma faili la mgonjwa ambaye ndugu zake wamo humo ndani.

Hiyo ilikuwa juzi Ijumaa. Na kanisani kwetu tangazo la ndoa la kwanza lilishasomwa, la pili lilishasomwa, Jumapili ilikuwa la tatu. Harusi Desemba ishirini na saba. Jumatatu dada alikuwa apeleke barua ya kuacha kazi, maana anafundisha shule ya msingi kule Ujiji na Gideon alimwambia wakishafunga tu wanaondoka wote. Barua alishaiandika, ipo kwenye pochi. Miaka miwili amemsubiri. Na Jumamosi hampigii simu, kwa sababu Gideon alishamwambia anatunza wazee huko kwenye nyumba yao, na siku hiyo simu hairuhusiwi.

Nilimkuta dada uani anaparua samaki mgebuka. Nikampa simu yangu yenye zile picha. Aliziangalia zote tatu huku magamba yamemganda vidoleni, akazirudia, akacheka.

Akasema picha siku hizi zinatengenezwa hata na watoto wa sekondari. Akasema weusi warefu Uingereza wamejaa. Nikamwonyesha uzi wa kijani. Hapo akaacha kucheka, akanirudishia simu taratibu.

"Agape mdogo wangu. Wewe umepata wa kukupeleka kuangalia treni, mimi nimepata wa kunipandisha ndege. Inakuuma, naelewa."

Zefa, aliyenisindikiza, alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia yake. Yeye huwa hasemi mbele ya dada, anamwogopa.

"Dada Marce," akasema, "usimuulize Gideon kitu. Wale wazee wameweka kamera pale stesheni, inaonyesha treni moja kwa moja saa zote. Kesho ni Jumamosi, siku yao ya treni ile; njoo studio saa tisa, ndiyo saa sita ya kwao. Usipomwona, mimi sitakanyaga tena hapa kwenu."

Nilimgeukia nikamkodolea. Nani alimtuma kuweka rehani mapenzi yangu?

"Nitakuja, shem," dada akasema. "Nije nikuage."

Nyie, hiyo siku sikula. Nilikuwa naomba Mungu Gideon atokee, halafu naomba asitokee. Akitokea, dada yangu amekwisha. Asipotokea, mimi nimekwisha. Na hakuna cha kufanya, unakaa tu unasubiri treni ya watu wa mbali ambao hata hawajui upo.

Jumamosi saa tisa kasoro tano tulikuwa watatu mbele ya kompyuta, studio imefungwa. Dada alikuja amependeza makusudi, na pafyumu. Kwenye kioo kuna stesheni, mawingu, njiwa wanatembea. Picha ikaganda. Zefa akahangaika na bando, ikarudi. Njiwa wakaendelea kutembea. Dada akaniuliza kwa upole kama mwanaume wangu ndivyo huwa ananikalisha hivi kila Jumamosi.

Saa tisa na dakika sita, wakaingia. Yeye, mwanamke, na mtoto mkononi mwa Gideon, amevaa kofia ya njano.

Walisimama wametugeuzia mgongo nusu, ungeweza kubisha bado. Dada alibisha kwa kutoa simu yake. Akapiga, akaweka sauti ya nje.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Mpenzi? Leo Jumamosi bwana, niko kazini. Nawalisha wazee chakula cha mchana."

Na kwenye kioo, yule mwanaume amesimama tu. Mkono mmoja una mtoto, mwingine uko mfukoni. Hana simu. Haongei na mtu.

Dada akatugeukia na uso umemfunguka kama binti wa miaka kumi na sita. Akaziba simu kwa kiganja.

"Mnaona? Huyo si yeye. Gideon anaongea na mimi hapa."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Sekunde moja nilifurahi kabisa, hata Zefa nikamsahau.

"Subiri kidogo, dada," Zefa akasema. "Picha inachelewa nusu dakika. Sauti ya simu ndiyo imetangulia."

Tukasubiri. Gideon kwenye simu anauliza vipi, mbona kimya, mama hajambo? Dada hatoi macho kwenye kioo. Na kwenye kioo, mwanaume akaangaliwa na mwanamke, akashtuka kidogo, akaingiza mkono kwenye mfuko ule mama alioushona. Akatoa simu. Akaiweka sikioni. Akampa mwanamke ishara ya kidole, ngoja kidogo, akasogea hatua mbili pembeni na mtoto wake.

Tukamwona anatamka uongo ambao tulishausikia.

Uso wa dada sitaueleza. Ninyi wenye dada mtajua. Simu ilikuwa bado hewani, Gideon bado anaita jina lake. Mtoto kwenye kioo alikuwa anajinyonganyonga, kofia ikadondoka.

"Mvishe mtoto kofia," dada akasema. "Imedondoka."

Gideon akaacha kuita, akauliza, taratibu sana:

"Uko wapi?"

"Niko Kigoma, Gideon. Nitakuwa wapi?"

Dada akakata. Na ndipo ikaja ile nusu dakika nyingine, mbaya kuliko zote. Tulikaa tukaangalia maneno ya dada yakimfikia. Gideon aligeuka nyuma. Akaangalia watu mmoja mmoja, akaangalia darajani, akaangalia mpaka kwenye reli, kila mahali isipokuwa kwenye kamera. Alikuwa anamtafuta dada pale. Nilitamani kumwita, sijui nimwambie nini. Treni nyekundu ikaingia ikamfunika. Ilipoondoka, palikuwa na njiwa tu.

Ujumbe wake ulifika tukiwa bado tumekaa: "Marce tuongee kama watu wazima. Yule mama ni kwa ajili ya makaratasi ya ukaazi tu, ndoa yetu iko palepale."

Dada alijibu kwa kidole kimoja: "Na mtoto naye ni karatasi?"

Hajajibiwa mpaka leo.

Akamwambia Zefa amchapishie picha zote tatu, kubwa. Zefa akachapisha, akaziweka kwenye bahasha ya khaki, na akamwomba msamaha, hata sijui wa nini. Tukapanda hadi parokiani. Padre Pastory alikuwa anaungamisha. Dada akapanga foleni kama mwenye dhambi, akaingia na bahasha, akatoka bila bahasha. Njiani akaniomba kitu kimoja: nisimwambie mama. Alisema atamwambia mwenyewe. Usiku mzima nikamsikia anageuka kitandani, na asubuhi mama akaamka anaimba.

Leo kanisani mama alivaa kitenge kipya, akatulazimisha tukae benchi la pili. Matangazo yakafika. Padre akasoma Martini wa kigango cha Ilagala na Leonia wa hapa parokiani, tangazo la pili. Akasoma Nehemia na Eufrasia, la kwanza. Akakunja karatasi.

Mama akaninong'oneza:

"Yewe, amewaruka."

Nikamwangalia dada. Anaangalia mbele, machozi yanashuka hadi kidevuni na hayafuti. Alikuwa na usiku mzima wa kusema na hakuweza. Mimi nilikuwa nao pia.

Misa imeisha sasa hivi. Naandika haya nikiwa nje ya kanisa, nimeshika pochi ya mama, maana aliniachia akaenda moja kwa moja kwa padre kumkumbusha jina la binti yake. Nawaona kutoka hapa. Mama anacheka, anatuonyesha kwa kidole, sisi wanawe. Padre ameinama amsogelee sikioni.

Mama bado anatabasamu.

Jamani naenda kumshika. Alichosema mama nitawaambia kesho, kama nitakuwa na sauti.