Herufi ya Mwisho Kwenye Tairi

Ndugu wapendwa, sogeeni tusikilizane juu ya nyumba moja ya hapa hapa kambini Dzaleka, maana lililowapata wao linaweza kubisha hodi kwetu pia.

Goreth alikuwa na karavani, kijumba cha bati chenye magurudumu mawili kinachovutwa nyuma ya gari. Wamisionari waliokuwa wanarudi kwao walimwachia. Ndani aliweka vyerehani viwili, na kila asubuhi alifungua dirisha, akasema sala fupi, akaanza kushona. Siku za soko mchungaji Moïse aliivuta kwa pikapu yake hadi mji wa Dowa, kwa kibali cha kutoka kambini, na huko ndiko walikokuwa wateja. Nyumba nzima ilikula kwa karavani ile.

Amani hiyo ilidumu mpaka matairi yalipoanza kupata nyufa. Mchungaji aliyatazama, akasema hataivuta tena mpaka yabadilishwe.

Honoré, mume wa Goreth na baba wa Nella, alikuwa dereva wa lori kule Fizi, Kongo, kwa miaka mingi. Namba alizijua, herufi zilimsumbua. Goreth naye hakusoma utotoni, lakini sasa, akiwa na miaka arobaini na mitano, alihudhuria masomo ya jioni kanisani. Basi alichuchumaa, akafuta vumbi, akanakili maandishi ya ubavu wa tairi, polepole, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano: 165 R 13 C. Mwalimu wake wa jioni, Jean-Paul, alimweleza kwamba namba ya kwanza ni upana, kumi na tatu ni ukubwa wa rimu, na ile C inaonyesha tairi la kubeba mzigo.

Alimweleza mumewe.

"Kumi na tatu naijua," Honoré alisema. "Hiyo herufi njo ya kiwanda tu. Masomo ya jioni imeshakufanya fundi mekanisiye?"

Wakacheka wote wawili. Goreth alicheka kidogo.

Walipanda minibasi hadi Lilongwe, kwa muuza matairi aliyejifunza Kiswahili alipokuwa akiendesha malori ya Dar es Salaam. Kwanza aliwaletea ya kumi na nne. Honoré akakataa, akaeleza kwamba hayo yanataka rimu nyingine, na tena yatasugua madigadi. Alisema kweli, na wanaume waliokaa pale wakamsifu. Ndugu, usimcheke, sifa hizo ndizo zilizomfunga. Muuzaji akatoa ya kumi na tatu, meusi, yanang'aa. Akatahadharisha kwamba hayo ni ya gari dogo, akauliza kama wao wanataka ya mzigo.

"Kumi na tatu ni kumi na tatu," Honoré akajibu.

Goreth aliinama kutazama. Hakuona C. Karatasi yake ilikuwa kwenye fundo la kitenge, na vidole vilikwisha kulishika fundo. Mzee mmoja akamtania Honoré, "Bambo, leo dereva ni mama?" Wakacheka, na Honoré akacheka nao. Goreth akaliachia fundo. Alilelewa akijua kwamba mke hamsahihishi mume mbele ya watu. Njia nzima ya kurudi alisali matairi yawe imara. Alimwomba Mungu afanye kazi ambayo mdomo wake ulikataa kuifanya.

Siku ya soko, matairi mapya yakiwa yamefungwa, karavani ikapakiwa: vyerehani, pasi ya mkaa, majora ya vitambaa, sare za shule. Kabla ya kufika Dowa tairi la kushoto likapata moto, likavimba ubavu, likapasuka. Karavani ikayumba, ikachomoka kwenye pikapu, ikapinduka katika shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini ukuta ulifunguka kama kopo, na vyerehani vyote viwili vilivunjika. Vijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, waliacha baiskeli zao wakasaidia kuokota sare. Goreth aliwaambia zikomo, yaani asante, mmoja mmoja.

Kisha akaketi na mumewe kando ya barabara.

"Baba Nella, mi niliona," alisema. "Tairi haikuwa na ile herufi. Nikanyamaza."

Honoré aliikung'uta vumbi sare iliyokuwa miguuni pake.

"Na mi nilijua umeona," alisema. "Niliona mukono yako kwenye kitenge. Nikaomba Mungu afunge kinywa yako."

Hawakugombana. Walikuwa wamechoka mno. Karavani haikusimama tena. Leo Goreth anashona kwa mkono mlangoni pake, pindo na vifungo, na kazi ya siku moja humchukua wiki. Wateja wa Dowa wamepata fundi mwingine. Honoré hubeba matofali ya watu.

FUNZO

Ndugu zangu, ukinunua tairi, soma maandishi yote, namba na herufi, na usiyoyajua uliza. Baba, mtu wa nyumbani mwako akijua usilolijua, amekuletea zawadi. Ipokee hata mbele ya wanaume wenzako. Mama, heshima inayotazama nyumba ikianguka ni woga tu. Na sote tunaosali tukumbuke kwamba Mungu aliyetupa sala alitupa na kinywa. Anayejua kidogo aseme hicho kidogo mapema, kabla gari halijaondoka.