"Mmajhi" Si Jibu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Suntali Majhi alishuka hadi mto Trishuli, akachota maji kwa kiganja, akagusa paji la uso, kisha akarudi mbio kula wali wake na dengu. Wamajhi, watu wa kabila lake, wote hufanya hivyo. Mababu zao walivusha watu hapo kabla daraja halijajengwa, na mpaka leo hawachoki kukukumbusha.

Juma hilo shangazi yake, Kanchhi, alikuwa akipanga safari ya mtoni ya darasa la saba. Kanchhi aliongoza maboti ya mpira, mwanamke wa kwanza kijijini kufanya kazi hiyo, na Suntali alijivunia sana. Boti la kwanza lingewachukua wasiojua kuogelea, kwenye maji matulivu. La pili ni la wanaojua kidogo. La tatu, la wanaojua vizuri, lingepita penye Jino, pale mto unapobanwa na miamba na kunguruma. Suntali alipewa daftari amwulize kila mmoja uwezo wake.

Aliwauliza wote, isipokuwa Wamajhi sita. Kumwuliza Mmajhi kama anajua kuogelea ni kumtukana. Penye nafasi ya jibu aliandika tu "Mmajhi" mara sita, na jina la sita lilikuwa lake. Shangazi alisoma, akaridhika, akawapanga wote sita boti la tatu.

Kumbe Suntali hakujua kuogelea. Maji yakimpita kiuno, alirudi ukingoni. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa aibu.

Siku ya safari walivaa majaketi ya kujiokoa. Birkha, jirani yake, alihangaika na kifungo, vidole vikimtetemeka.

"Vipi, unaogopa?" Suntali alimnong'oneza.

"Nani, mimi? Baridi tu. Mimi Mmajhi, bwana."

Suntali aliijua baridi ya namna hiyo. Akaona kwamba daftari lake lingeweza kumzamisha mtu. Akasogea mbele ya wenzake, masikio yakimwaka.

"Shangazi, 'Mmajhi' si jibu. Mimi sijui kuogelea."

"Mmajhi wa nchi kavu huyo," mtu alisema, wakacheka.

Shangazi hakucheka. "Nani mwingine?"

Birkha aliinua mkono polepole. Kisha msichana mmoja wa nyuma.

"Na mimi nilisoma neno hilo nikaona limetosha," Shangazi alisema. "Miaka kumi na moja naongoza maboti, sijamwuliza Mmajhi hata mmoja. Nimekosa."

Akawahamishia wote watatu boti la kwanza. Suntali aliketi mbele, na kabla hawajafika mbali akapaza sauti, "Vuteni kushoto, kuna jiwe chini ya maji." Kasia la kiongozi wa boti hilo liligonga jiwe lenyewe.

"Umelionaje?" kiongozi aliuliza.

"Nalitazama kila asubuhi."

Kuanzia hapo alisikilizwa yeye hadi mwisho wa safari, na aliteremka ameinua kichwa.

Shangazi alikuwa akiwasubiri kwenye mchanga. "Unajua kwa nini watu walituamini kuwavusha?" alimwuliza. "Mto ukiwashinda, mababu zetu walisema, 'Leo hatuvuki.' Hawakuona haya. Leo umekuwa Mmajhi kweli, nami najivunia wewe. Kuogelea ni jambo la kufundishwa tu. Njoo kesho jioni na wenzako."

Suntali aliomba daftari. Akakata neno la zamani mbele ya jina lake, akaandika: "Hajui. Anaanza kesho."