Mizinga ya Mahameni

Mtu anawezaje kuimba katika nyumba ambamo mumewe hamsemeshi? Swali hilo nililibeba kila asubuhi pamoja na ndoo yangu ya maji, na kwa muda mrefu sikupata jibu.

Jina langu ni Eustadia. Mwaka 1975 nilikuwa darasa la tano katika kijiji cha ujamaa cha Itobela, kaskazini ya Tabora, kando ya njia ya zamani iliyopitwa na misafara ya wapagazi. Tulikuwa tumehamia pale mwaka uliotangulia, wakati familia zote zilipotakiwa kuacha makazi yao ya mbalimbali na kuishi pamoja. Kijijini tulipata shule, kisima na kanisa dogo la udongo lililoezekwa kwa nyasi. Baba yangu, Masolwa, alipoteza kitu ambacho hakuwahi kukitaja kwa jina. Tangu siku tuliyoshusha mizigo yetu hakumsemesha mama tena.

Kila kulipopambazuka, mama yangu, Pelagia, aliwasha moto, akateleka uji, akaimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini. Baba aliketi kwenye kigoda mlangoni akiwa amempa mgongo.

"Eustadia, mwambie mama yako uji huu hauna chumvi."

Mama alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumgusa bega. Hata hivyo nilimgeukia nikamwambia, naye akanijibu nimwambie baba kwamba chumvi imekwisha tangu jana. Ndivyo tulivyoishi. Maneno yote ya nyumba ile yalipita kinywani mwangu.

Habari za nyumbani hazikai nyumbani. Shuleni, Ngollo, aliyeketi dawati la nyuma yangu, alinibandika jina la Tarishi. "Tarishi amefika," alisema kila nilipoingia darasani. "Leo umebeba salamu au umebeba mawe?" Wenzake walicheka. Nami nilicheka pamoja nao, ili wasione kwamba nilitaka kulia.

Mambo yalizidi mvua za masika zilipokaribia kuisha. Baba alikuwa mrina asali, kama baba yake alivyokuwa. Tulipohamia Itobela, alitengeneza mizinga mipya ya magome akaitundika kwenye kichaka kilichopakana na shamba la pamba la kijiji. Siku ya kurina ilipofika alibeba kilindo chake, chombo cha magome cha kutilia asali, akaenda kulala huko kichakani kama mila ilivyotaka. Alirudi na kilindo kitupu. Hakula. Alikigeuza mdomo chini, akakiweka katikati ya ua ili kila mtu akione.

Jioni hiyo alikuja baba mkubwa, Jilala, kaka yake baba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Aliongea na baba kwa muda mrefu. Katika ukoo wetu kulikuwa na miiko iliyotoka kwa mababu waliobeba pembe kwenda pwani: mume akiwa safarini, mke aliyebaki hatembei ovyo, hagombani na mtu wala haimbi, ili balaa lisimfuate mume njiani. Misafara ilikoma, lakini miiko ilibaki kwa warina asali. Baba mkubwa alikuwa ameshapata jibu. Baba alipokuwa kichakani, mama alikwenda kanisani akaimba.

"Mke wa mrina asali amegeuka chiriku," alisema baba mkubwa, kwa sauti iliyokusudiwa kufika jikoni. "Nyuki gani atakaa?"

Kesho yake asubuhi baba aliniita. Mama alikuwa akichekecha unga. Baba alisema nimwambie mama yangu kwamba Jumamosi wazee wa ukoo watakaa. Mbele yao akiri kwamba nyimbo zake zimefukuza nyuki, na aache kwenda kanisani. Asipokiri, afunge mzigo wake arudi kwao Nzega.

 Nilijua maana ya maneno yale. Mama akirudi kwao, mimi na mdogo wangu tungebaki, kwa kuwa watoto walikuwa wa ukoo wa baba.

Mama aliweka chekeche chini. "Nimesikia, Baba Eustadia," alisema. "Lakini neno kama hili usimbebeshe mtoto. Mtoto si njia ya kupitishia maneno machungu."

Baba alichukua jembe lake akaondoka.

Siku zilizofuata mama alikonda machoni petu. Jirani yetu Katarina, aliyesali naye kanisa moja, alimshauri kisimani. "Kiri tu, mwenzangu, yaishe," alisema. "Nyumba haivunjwi kwa ajili ya wimbo. Mungu anajua moyo wako." Mama alijaza ndoo yake akajitwika. Njiani nilimshika kanga, nami nikamwomba afanye hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba neno moja la uongo ni dogo kuliko kumpoteza mama.

Alitua ndoo. Ndipo nilipomuuliza swali langu: anawezaje kuimba?

"Siimbi kwa sababu nina furaha," alisema. "Tulipohamia huku na baba yako akaninyamazia, nilianza kumchukia, Eustadia. Chuki ilinifanya nisilale. Siku moja kanisani nilisikia kwamba Mungu yu karibu na waliovunjika moyo. Nikajiambia, basi siko peke yangu jikoni mwangu. Naimba ili chuki isipate mahali pa kukaa. Nikisema uongo leo ili nipendwe, nitakuwa nimeifungulia mlango mwenyewe."

"Basi baba atakufukuza."

"Baba yako aliacha makaburi ya wazazi wake kule mahameni tulikotoka, na hakuna aliyemwambia pole. Hata mimi sikumwambia. Hasira zake zina mahali zilipoanzia." Aliinua ndoo akajitwika. "Lakini pole ni kitu kimoja, na uongo ni kitu kingine."

Alhamisi tulikwenda kwa Mzee Elieza, mwinjilisti wa kanisa letu. Nilitarajia kwamba angemwambia mama avumilie na kunyamaza, kama watu wazima wanavyowaambia wanawake. Hakusema hivyo. Alimwambia kwamba kusamehe si kukubali kosa usilolitenda, na kwamba mwenye tumaini anaweza kusema kweli bila kutukana. Kisha waliomba. Mama alipoinuka magotini alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kuamua.

Jumamosi wazee walikaa uani kwetu. Mzee Elieza naye alikuja kama jirani, na majirani wengine walisimama kando. Kilindo kitupu kilikuwa bado pale pale. Baba mkubwa aliyaeleza mashtaka, kisha akamtaka mama aseme.

Mama alipiga goti kwa heshima, akawaamkia wote, akasimama. 

"Baba Eustadia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie alimtazama baba usoni. "Nakupa pole. Pole kwa asali, na pole kwa mahame. Nilipaswa kuisema zamani. Lakini siwezi kukiri kwamba nimefukuza nyuki. Wiki ile ulipokwenda kurina, mimi na mwanao tulipalilia pamba. Tulikuta nyuki wamekufa kati ya mistari, wengi, siku iliyofuata ile mliyopulizia dawa ya wadudu. Mizinga miwili uliiacha mahameni kwa sababu ilikuwa mizito. Huko hakuna pamba. Kama wimbo wangu unaua nyuki, umewaua na wale. Twendeni tukatazame."

Watu walinong'ona. Baba alikuwa mmoja wa waliobeba mabomba ya dawa siku ile, na kila mtu alijua.

"Na ikiwa mitupu?" aliuliza baba mkubwa.

"Ikiwa mitupu, mtaamua mtakavyo. Hata hapo sitakiri. Tumaini langu halimo mzingani, shemeji."

 Nyegere anaweza kubomoa mzinga. Moto wa porini unaweza kuuunguza. Nilitamani mama asingetaja mahame kabisa. Lakini baba alikuwa amekwisha kusimama.

Tulipita kando ya shamba la pamba. Maua ya mwisho yalikuwa bado wazi. Sikungoja kutumwa; niliinama nikaokota nyuki waliokauka, nikawaweka katika kiganja cha baba. Aliwatazama huku akitembea. Hakuwatupa. Kisha tuliishika njia ya zamani ya wapagazi, ambayo sasa ilikuwa imefunikwa na majani, tukaifuata mpaka tulipoziona kuta za nyumba yetu zilizobomoka.

Baba alisimama kwanza penye makaburi. Mama alisimama nyuma yake kidogo. Halafu baba alifunga kamba kiunoni akapanda mti. Tulimwona anaweka sikio kwenye mzinga wa kwanza. Alikaa hivyo muda mrefu, nami nikaanza kusali kwa maneno yangu ya kitoto, nikimwomba Mungu asiwe mbali.

Baba aliita kutoka juu. Aliomba kijinga cha moshi, akafukiza, akaingiza mkono. Akateremka na sega lililojaa, asali ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mzinga wa pili nao ulikuwa hai; tulisikia mvumo wake tukiwa chini.

Baba mkubwa aliketi kwenye jiwe. Alikuwa mtu mkali lakini hakuwa mwongo. Alisema kwamba alimhukumu shemeji yake kabla ya kutazama, akamwomba radhi mbele yetu.

Mzee Elieza alitugeukia sisi watoto tuliokuwa tumefuata. Ngollo naye alikuwamo. "Jifunzeni hapa," alisema. "Mkipatwa na hasara msitafute wa kumlaumu kabla hamjatafuta sababu. Na ninyi mtakaoonewa, msidhani imani ni kunyamaza. Mama huyu hakulipa chuki kwa chuki, wala hakununua amani kwa uongo. Mungu alimpa nguvu ya kusimama, akasimama."

Tuliporudi uani, majirani walikuwa wangali wakingoja. Baba alikiinua kile kilindo, akaweka sega ndani yake. Kisha akaniita, kama kawaida.

"Eustadia, mwambie mama yako..."

 Nilisubiri nipewe ujumbe. Ua wote ulisubiri. Baba alinipita, akaenda kusimama mbele ya mama.

"Mama Eustadia," alisema. "Nyuki niliwaua mwenyewe. Na kosa langu nilikutwisha wewe. Nisamehe."

Mama alimsogelea hatua moja. Alimwambia kwamba amemsamehe, na kwamba bado ana mengi ya kumwambia, nayo yatahitaji siku nyingi. Baba alikubali kwa kichwa. Kisha akawageukia wazee na majirani, akazungumza polepole ili kila mmoja asikie.

"Mizinga nitairudisha mahameni. Jumapili mke wangu atakwenda kanisani, ataimba, na miiko ile isitajwe tena nyumbani kwangu. Na kuanzia leo mtoto huyu hatumwi tena kati yetu. Neno langu kwa mke wangu nitalisema mwenyewe."