Kivuko cha Mara ya Tatu

Siku ya kwanza kivuko kilichelewa tu, na mashine ya mchezo ikichelewa kidogo nani atashtuka? Kadidja alishtuka. Chumba cha mchezo pale Musinzira, mjini Gitega, kilikuwa chake: televisheni moja, mabenchi mawili, na mashine aliyotumiwa na mumewe Sefu kutoka Muyinga. Mchezo ulikuwa mmoja tu, wa kijitu cha shati jeupe kinachokimbia kuelekea kulia. Kikifika penye shimo lisilorukika, hungoja ubao unaoelea hewani uje ukivushe. Ubao huo wachezaji waliuita kivuko. Hutokea ukingo wa kulia wa kioo, hufika, hugeuka, hurudi ulikotoka, na kati ya kwenda na kurudi unahesabu hadi nne. Siku ile Kadidja alihesabu hadi kumi na moja.

"Umeme iko kidogo leo," alisema Houssein, fundi bati wa jirani, ambaye hakuna mchana uliompita bila kuja kucheza.

"Na kijitu mbona hakichelewi?" Kadidja alimuuliza. Houssein akacheka, akaendelea na mchezo wake.

Chumba kile kilikuwa na sheria, na mwenye sheria ni Kadidja. Kivuko hakirukiwi kwa pupa. Kiache kije mara ya kwanza, kiache mara ya pili, ushike mwendo wake. Mara ya tatu, ruka. Asiyesikia la mkuu aliangukia shimoni, akachekwa na benchi zima. Na katika kungoja, watu wazima na ndevu zao walikuwa wakikibembeleza kile kibao: "Njoo, njoo, njoo baba."

Kadidja naye alikuwa akikiita, ila yeye alikuwa na lake moyoni. Miezi minane ilikuwa imepita tangu Sefu ampe dereva Matata mashine ile ailete, mwenyewe akabaki Muyinga kungojea vitenge dukani kwa Hakimuddin. Wiki hiyo hiyo barabara ilifungwa pale mto Ruvubu, malori yakachomwa, na tangu hapo barua hakuna, salamu hakuna. Majirani walimshauri akae eda. Alikataa. Chumba kilipobaki kitupu alikuwa akikaa peke yake, anakitazama kivuko kikija kitupu, anasema, "Njoo, Sefu. Njoo." Anayemcheka hajapata kumngoja mtu.

Alhamisi, baada ya Alasiri, kivuko kilirudi na mtu.

Kilikuwa kijitu cha pili, ambacho hakikuwamo katika mchezo ule. Kilisimama juu ya ubao, kimewapa mgongo, mikono imening'inia, na maji yalikuwa yakichuruzika miguuni pake hadi chini ya kioo. Houssein aliweka chini kidude cha kuchezea taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Dada Kadidja," alinong'ona, "ule ni nani?"

"Sijui."

"Mi naenda. We zima hiyo kitu. Zima sasa hivi."

Kadidja alizima, akachomoa na waya ukutani. Harufu ya tope la mto na matete yaliyooza ilijaa chumbani, na kutoka kwenye kioo kilichokwisha kuzimwa sauti ya Sefu ikaita, "Kadidja."

Mwanamke aliyelelewa vizuri Gitega akiitwa na mumewe huitika "Karame" kabla hata ya kujua anaitiwa nini. Mdomo wa Kadidja ulikwisha kufunguka. Aliuziba kwa viganja viwili.

"Kadidja," sauti ilirudia, kisha ikanyamaza.

Alikimbia bila viatu hadi kwa Mama Farida, mkaanga sambusa ambaye pia aliandikia wagonjwa kombe la aya. Mama Farida aliepua karai, akamsikiliza hadi mwisho.

"Uliitika?"

"Hapana, mama."

"Apa."

"Wallahi, sikuitika."

"Bon. Sikia, mtoto wangu. We umeita kivuko kila siku, njoo, njoo, na hukusema nani apande. Ile Ruvubu iko na watu wengi, na iko na wasiokuwa watu. Moja imepanda." Alipunguza sauti. "Lakini jini haina pumzi ya kuita mara tatu. Inaita mbili, inanyamaza, inangoja karame yako. Ukiitika, inakuvusha ng'ambo, hutarudi tena. Siku saba usiitike mtu mpaka aite mara ya tatu. Hata mi usiniitike. Siku ya nane tutaizika hiyo mashine."

Alikuja mwenyewe akanyunyiza kombe chumbani, akaifunga mashine kwa mkeka wa kuswalia na kamba. Lakini kila Magharibi iliita. Iliita mara mbili, ikanyamaza. Siku ya tatu mkeka ulikuwa umelowa. Siku ya tano ile sauti ilikohoa kwanza, kikohozi cha Sefu cha kila asubuhi, na Kadidja akauma upande wa khanga yake hadi meno yakauma, huku machozi yakimtoka kwa hamu na kwa woga, asijue kipi ni kipi.

Siku ya sita giza lilikuwa ndiyo linaingia, saa ya watu kujifungia kwa amri ya askari imekwisha kupita, mlango wa barabarani ukagongwa.

"Kadidja."

Safari hii sauti haikutoka kwenye mkeka. Alisogea, akaweka mkono kwenye komeo.

"Kadidja, ni mi. Fungua."

Hiyo ilikuwa ya pili. Alisimama pale, komeo limemlowa jasho mkononi, anaomba kwa Mungu ya tatu ije, anasikia pumzi upande wa pili wa mbao, pumzi ya mtu aliyechoka, na anajiambia kwamba jini nalo linajua kuhema kama lilivyojua kukohoa, ngoja kidogo, mara moja tu zaidi, mara moja tu na atafungua, na hapo viatu vya doria vikasikika vikipanda barabara, na pumzi ile ikakatika ghafla, na viatu vikapita, vikasimama, vikageuka, kisha mtu akakimbia, mwingine akapaza sauti "Simama!", na risasi mbili zikalia upande wa mfereji. Baadaye kukawa kimya. Ya tatu haikuja.

Kadidja alikaa chini akashukuru. Alijiambia ameshinda.

Asubuhi Houssein alikuja, hakuweza kumtazama usoni. Mikononi alikuwa na furushi alilolikuta kizingitini, limefungwa kwa karatasi ya duka la Hakimuddin, na juu yake jina la Kadidja kwa mwandiko wa Sefu.

"Dada, yebabawe... wamemukuta mu mufereji. Ametoka Muyinga na miguu. Mi nilimusikia akiita, mara mbili. Doria ikakaribia, akanyamaza ajifiche."

Walimzika Sefu baada ya Adhuhuri siku hiyo hiyo. Kadidja hakulia. Vitenge vilikuwa vya kijani, rangi anayoipenda.

Jioni hiyo, ndiyo siku ya saba, wanawake wa msiba walikuwa uani na Mama Farida alikuwa akiwagawia chai. Magharibi ilipokaribia Kadidja aliingia peke yake kwenye chumba cha mchezo, akafunga mlango kwa ndani. Waya ulikuwa umelala sakafuni. Mkeka ulikuwa ukichuruzika. Alikaa kwenye benchi la mbele, mahali pa mchezaji, akaanza kuhesabu taratibu.

"Kadidja."

Alinyamaza.

"Kadidja."

Alinyamaza, kama anavyowafundisha wachezaji wote. Kule uani vikombe vilikuwa vikigongana. Harufu ya mto ilimjaa puani, naye akasubiri, kwa sababu Mama Farida alisema jini haina pumzi ya mara ya tatu, na sheria ya chumba aliitunga mwenyewe.

"Kadidja," sauti iliita, taratibu, kama mtu anayemalizia neno alilokatiziwa mlangoni.

"Karame," aliitika, akasimama.