Upande wa Kushoto Bado

Waungwana mliokusanyika, wake kwa waume, mliowahi mikeka na mliosimama mlangoni kwa kukosa pa kukaa, nakuombeni masikio yenu kabla sijakuombeni subira. Sikuja na kisa cha kubembelezea watoto. Nimekuja na kisa cha hasira, na ndani yake mna jini. Mkishasikiliza mtaamua wenyewe ni kipi kati ya viwili hivyo kilichotisha zaidi. Tumtaje Mola kwanza, kisha twende Tukuyu, kata ya Bagamoyo, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kuta nene.

Jambo lilianza likiwa dogo. Bi Kuruthumu, mjane wa siku arubaini na mbili, alichomoa pasi ukutani adhuhuri ya Jumanne, akasikia maji yakimiminwa ndani ya soketi. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, lakini mvua aliijua, haichoki wala haivuti pumzi. Haya yalikuwa maji ya kata: yanachotwa, yananyamaza kidogo, yanamwagwa. Yanachotwa, yananyamaza, yanamwagwa. Akasogeza sikio. Katika vitundu vile vitatu mkatoka harufu ya kafuri.

Hakuogopa. Alikasirika, na jina la hasira yake lilikuwa Zuber.

Mumewe, marehemu Sadalla, alikuwa fundi umeme. Nyumba ile waliijenga wawili, yeye akibeba matofali na mkewe akibeba maji, na kila waya uliomo ukutani Sadalla aliuzika kwa mikono yake. Hati hawakuandika, walidhani muda upo. Alipofariki, Kuruthumu akaketi eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, kama dini inavyomtaka mjane. Siku kumi hazijatimia vizuri, Zuber, mdogo wa marehemu, akashuka kutoka Kiwira alikokuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea mpira na filamu, akaleta runinga mbili kubwa na viboksi viwili vyeupe, kila kimoja ukubwa wa mche wa sabuni.

"Nakutafutia riziki, shemeji," alisema nje ya pazia. "Sebule nafanya ukumbi. Chumba cha mwisho nakifanya cha watu wa heshima, wenye kutaka utulivu."

"Kuta hizi hazipitishi hata simu. Intaneti yako itafikaje kule mwisho?"

"Ndiyo kazi ya hivi. Sipitishi waya hata mmoja. Nyaya alizozika kaka zinatosha. Kiboksi kimoja nachomeka hapa penye intaneti, kingine kule. Filamu inasafiri humohumo ndani ya umeme."

"Na mimi nisafiri wapi?"

"Ukichoshwa na kelele, shemeji, kwenu Kilwa kupo."

Hapo Kuruthumu aliuona mtego wote. Mjane akitoka kwa miguu yake mwenyewe kabla ya eda kwisha, nani tena atasema nyumba ni yake? Akaapa kimoyomoyo kwamba hatoki, hata ukumbi ule ukijaa wapiga miluzi wa wilaya nzima.

Kwa hiyo aliposikia maji ukutani, alijua, au alidhani anajua, kwamba shemeji yake ameanza vitimbi vya kumtisha. Akamwita Winfrida, jirani yake Mnyakyusa, mfua nguo aliyepiga pasi ya mkaa kwa nusu ya mtaa, na aliyemletea ndizi kila asubuhi tangu msiba.

"Mwe, hiyo panya," alisema Winfrida kabla hata ya kuinama.

"Panya wanaooga kwa kata?"

Winfrida akatega sikio. Kisha akajivuta taratibu, akifuta shavu ingawa halikuwa na maji. "Hiyo si panya," alinong'ona. "Mama, humo ndani mtu anaosha mtu."

Jioni Kuruthumu alimwita Zuber nyuma ya pazia. "Sauti uliyoitia ukutani mwangu, itoe."

Zuber akacheka. "Ni kelele za mtandao. Ethi ya kaka, ile nondo ya ardhini, ilikuwa imeoza, picha zikawa zinakatika, na mteja mmoja akapigwa shoti kidogo. Nimechimbia nondo nyingine wiki jana. Itatulia."

"Umechimbia wapi?"

"Uani. Kwani kila shimo nikuombe ruhusa? Nyumba ikikutisha, hama."

Haikutulia. Siku ya pili maji yakasikika katika soketi ya jikoni, siku ya tatu katika swichi ya taa, na kafuri ikaingia katika wali, katika maziwa, katika kanga zilizokunjwa sandukuni. Kisha kuta zikaanza kutoa jasho, tena kwa mistari. Pale Sadalla alipouzika waya, plasta ililowa. Pasipo waya ilikuwa kavu. Mchana wa Ijumaa Kuruthumu aliketi kitandani akaitazama kazi yote ya mumewe ikiwa imechorwa kwa unyevu kuanzia sakafuni hadi darini, kila kona aliyokunja, kila tawi alilogawa, kama mishipa ya mtu aliyelazwa ndani ya ukuta. Hasira ikampanda zaidi, kwa kuwa alianza kushuku kwamba Zuber hana akili ya kutosha kutengeneza kitu kama kile.

Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi ulifurika. Ukungu wa Rungwe ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na watu walikuwa wameingia kutafuta joto kama walivyotafuta filamu. Kuruthumu, nyuma ya pazia la ukumbini, alisikia risasi za filamu, vicheko, mtu akidai kiti chake. Halafu risasi zikakatika, na badala ya zogo la wateja wanaodai picha yao pakawa kimya, kimya cha watu wengi wanaotazama kitu kimoja. Akalisogeza pazia kwa upana wa kidole, na katika runinga ile kubwa akaona shuka jeupe, likiwa limetandazwa juu, limelowa, likiangaliwa kutoka chini kama anavyoliangalia aliyelala chali chini yake, na juu ya shuka vivuli vya wazee wawili walioshika pembe na kugeuza nyuso zao kwa adabu, na chini ya shuka mkono mmoja ulioshika kitambaa, mkono wenye pete ya fedha ambayo kila mtu pale ukumbini alikuwa ameiona asubuhi ile ile ikipokea viingilio, ukipita bega la kulia, ubavu wa kulia, paja la kulia, na maji yakichotwa, yakinyamaza, yakimwagwa, hadi mkono ule ukasita, ukatikisa maji, ukaondoka, na picha ikabaki palepale ikilitazama shuka, ikingoja, ikiendelea kungoja, mpaka sauti ikatoka katika runinga zote mbili na katika soketi zote za nyumba kwa pamoja, sauti ya Sadalla lakini bila upole wake hata chembe:

"Upande wa kushoto bado."

Watu walitoka kwa mlango na kwa madirisha. Zuber alichomoa kiboksi, picha ikabaki. Akachomoa runinga, picha ikabaki. Akakimbilia swichi kuu, akaishusha, mle ukumbini kukawa giza la ukungu. Na shuka lile likazidi kung'aa.

"Upande wa kushoto bado."

Hapo Kuruthumu alikumbuka somo moja la mumewe. Swichi kuu hukata umeme, lakini ethi haikatwi na swichi. Ni waya ulioshikana na ardhi daima. Akajifunika, akatoka uani, akautafuta waya wa kijani na manjano kwenye kona ya ukuta, akaufuata kwa macho. Ulipita nyuma ya jiko. Ulipita kwenye matundu matatu mapya yaliyoishia kwenye mawe, kwa kuwa ardhi ya Tukuyu ni udongo juu na jabali chini. Ukaishia mahali pamoja laini, kwenye nondo ya shaba iliyobaki kipande cha kiganja juu ya udongo.

Mahali pale alipajua. Palikuwa ufuo wa Sadalla, shimo lililochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea maiti ili lipokee maji yake, kisha likafukiwa na kuachwa, wala hapakanyagwi. Zuber alipajua kuliko yeye, kwa sababu ndiye aliyeuchimba na ndiye aliyeosha.

Akarudi ndani, akasimama mbele ya shemeji yake uso kwa uso bila pazia la kuwatenga.

"Umempiga kaka yako nondo ufuoni."

"Kote kulikuwa mawe, shemeji. Pale tu ndipo—"

"Sijamaliza. Uliosha upande wa kushoto?"

"Wazee walikuwepo, waulize."

"Wazee walishika shuka na kugeuza nyuso. Mkono chini ya shuka ulikuwa mmoja. Uliosha?"

Zuber alitazama pete yake. "Mvua ilikuwa inaingia," alisema. "Na saa kumi kulikuwa na mechi, watu wananingoja Kiwira."

"Mechi."

"Nilijua Mungu atasamehe."

"Mungu hajaulizwa. Nimekuuliza wewe."

Winfrida ndiye aliyekwenda Kiwira kumleta Maalimu Hasheem, mzee mfupi aliyeingia na koti lililolowa, akasimama mbele ya ile runinga isiyo na umeme, akasikiliza mara tatu.

"Huyu si Sadalla," alisema taratibu. "Sadalla yuko kwa Mola wake. Huyu ni karini, jini aliyezaliwa pamoja naye. Mtu hufa, karini hubaki na alichokiona. Angelala katika ufuo ule hadi akasahau. Nyinyi mmemchoma chuma, kisha mkamfungulia njia ya kuzunguka nyumba nzima na vioo vya kusemea."

"Mfukuze basi," Zuber alinong'ona.

"Mimi nitasoma. Kung'oa utang'oa wewe."

Wakatoka uani. Maalimu akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo maji yalivyochotwa kwa kasi ndani ya kuta. Zuber akaishika nondo kwa mkono wa kulia, akavuta hadi mishipa ya shingo ikasimama, nondo haikutikisika. "Badili mkono," Maalimu alimwambia. Alipoishika kwa kushoto ilitoka kama mwiko ndani ya uji. Katika tundu lake yakaruka maji ya baridi yanayonuka kafuri, yakampiga kuanzia bega la kushoto hadi unyayo wa kushoto, na upande wa kulia hayakugusa hata ukosi wa shati. Maalimu akachota maji ya majani ya mkunazi, akaumwagia ufuo kwa kata, polepole, bila kuangalia saa. Ndani ya nyumba, kutoka kila soketi, kukasikika pumzi moja ndefu. Kisha runinga zikazimika.

Zuber akaweka funguo za sebule miguuni pa Kuruthumu. "Naondoka, shemeji. Nyumba ni yako, Maalimu na awe shahidi. Niridhie tu."

Kuruthumu aliziokota funguo. Maalimu alitikisa kichwa kumsihi. Winfrida naye alimsihi kwa macho.

"Nimekuridhia," alisema, "upande wa kulia. Wa kushoto bado."

Sauti, wanasema waliokuwepo, ilikuwa yake. Lakini upole wake haukuwamo.

Eda aliimaliza ndani ya nyumba yake. Kuta zilikauka, na pasi anaichomeka hadi leo bila kusikia lolote. Zuber anaishi Msasani, ile ya papo hapo Tukuyu, na viboksi vyake ameviuza. Ukimkuta kwenye benchi usiketi kushoto kwake, kwa maana ubao huwa umelowa hata katika jua la Oktoba.

Kwangu mimi kisa hiki hakikutoka katika kitabu. Nilikipokea uani kwa mfua nguo, mkaa ukiwaka, akiwa na shati la mwanamume mezani. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kama karatasi. Wa kushoto aliupiga pasi mbele yangu mara nne, na mara nne mvuke ukapanda, na mara nne ukabaki umelowa, ukinuka kafuri. Akaikunja nguo vilevile, akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, "nimezoea." Huyo ndiye aliyenisimulia kwanza: Winfrida.