Waliogonga Sakafu ya Bwawa

Haya yalimpata rafiki yangu, mshona mapazia, na yeye si wa kutishiwa nyau. Daktari alimwambia miguu ya bintiye itapata nguvu kwa kuogelea, basi akaagiza bwawa la faibaglasi, lile linaloletwa zima kama beseni kubwa na kushushwa shimoni kwa kreni.

Mvua ikaanza kabla halijajazwa maji. Fundi akalifunika kwa turubai.

"Kesho nitagonga sakafu, mama. Pakilia kama debe tupu, mchanga haujashiba chini, patapasuka."

"Kesho ya mafundi naijua!"

Fundi alipoondoka, rafiki yangu akachukua nyundo ya mpira na kujipenyeza chini ya turubai. Ilikuwa mchana, lakini mle ndani giza totoro. Akatambaa akigonga. Kila mahali palijibu kwa sauti nzito, ya kushiba. Akafika mwisho, akagonga mara tatu.

Chini yake pakagongwa mara tatu.

"Wifi, toka!" akapiga kelele wifi yake, aliyekuwa ukingoni. "Nimesikia!"

"Sitoki! Mwanangu ataogelea humu, huyo apende asipende!"

Akagonga tena, kwa hasira. Kimya. Kisha, kule alikoanzia, mlio wa kugonga ukaanza kutoka chini, pole pole, kama wa fundi anayekagua kazi. Ukafuata njia ileile aliyopita, na kila ulipofika, pale palipokuwa pameshiba pakalia kama debe tupu, hatua kwa hatua, mpaka chini ya magoti yake.