Pamba Mbichi ya Ijumaa

Fundi Kificho alikutwa kifudifudi chini ya ubavu wa chombo alichokiunda kwa miezi saba, kisogo kimepasuka, na watu ndio kwanza wanatoka msikitini. Ilikuwa Ijumaa, saa saba u nusu mchana. Damu ilikuwa haijaganda.

Kando ya maiti palikuwa na shoka la Ngwali, mpasua mbao. Ngwali hakuonekana kwenye sala, na jana yake alikuwa amegombana na marehemu mbele ya watu. Basi watu wa kijiji, Mferejini, walikwisha hukumu. Inspekta Msellem alipofika mbio, alimkuta Ngwali kafungwa kwenye gadi, moja ya yale magogo yaliyokiegemeza chombo, na mdomo unamtoka damu.

"Mfungueni," aliamuru, akamgeukia askari wake. "Abrahman, mtie pingu, kaa naye. Asiguswe na mtu."

Msellem alikuwa kijijini tangu juzi kulinda ushushaji, maana chombo kilikuwa cha serikali, cha doria ya vita. Mferejini hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Mfereji ule ulichimbwa na babu zao katikati ya mikoko ili manowari za Seyyid ziingie kutengenezwa, na mpaka leo ukiwaudhi watakutajia moja moja. Ila mfereji ulikuwa umejaa tope. Chombo kikubwa kilipita siku za bamvua tu, maji yanapojaa kupita kiasi, na maji ya leo yangejaa saa kumi. Kikishashuka, kimekwenda na ushahidi wake, na Ngwali amekwenda kitanzini.

Hilo ndilo lililomkosesha utulivu Msellem. Mwaka juzi alipeleka mtu Unguja akanyongwa, na hadi leo usingizi wake haukuwa na raha. Alikizunguka chombo mara tatu, hakai wala hasimami.

"Ulikuwa wapi wakati wa sala?"

"Kwangu, bwana. Homa," alisema Ngwali.

"Na shoka?"

"Naliacha hapa kila siku. Nani aibe shoka la mtu Mferejini?"

"Mligombania nini?"

"Alinambia nimpasulie ubao mmoja zaidi, nisiulize wa nini. Nikauliza, tukagombana, kisha nikampasulia."

Msellem alipiga magoti, akaifungua ngumi ya marehemu. Ndani mlikuwa na pamba ngumu, kavu, yenye rangi ya deheni, ile chokaa na shahamu ipakwayo ubavu wa chombo. Pamba ya kalafati, ile inayoshindiliwa baina ya mbao ili maji yasipite. Mzee alikufa ameing'oa mahali.

Alipitisha kidole kwenye kila mshono wa ubavu ule. Hapana uliokuwa wazi. Lakini pale juu ya maiti, urefu wa pima moja, deheni ilikuwa laini. Akaichokoa kwa kisu. Pamba ya ndani ilikuwa mbichi, inatota sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake humfukuza hata paka.

Alikwenda kwa mjane, Bi Mize, aliyekuwa ameketi kizingitini, randa imewekwa mlangoni na maranda mapya bado yametapakaa sakafuni.

"Makiwa, Bi Mize. Nisamehe, sina muda. Asubuhi alikwambiaje?"

"Kwamba hendi msikitini. Ana kitu akitazame pahala hapana watu."

"Ijumaa sifa huguswa saa ngapi?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua hutoka wapi. "Haiguswi, mwanangu, mpaka watu wasali. Utaingiaje msikitini unanuka papa?"

"Na kalafati kazi ya nani?"

"Ya shemeji yangu, Hija. Hapana mwengine."

Hija, mdogo wa marehemu, alikuwa ufukweni akiwapanga watu wa kamba. Kanzu nyeupe, udi umemjaa.

"Pole, Fundi Hija. Ulisali safu ya ngapi?"

"Ya mwisho. Nilichelewa."

"Nipe mkono."

Alimpa. Msellem aliuinua puani. Chini ya udi, kwenye kucha, sifa ilikuwa palepale.

"Mimi mkalafati, bwana. Sifa haitoki kwa siku moja."

Jibu zuri, na hakimu angelikubali. Maji yalikuwa yamekwisha gusa mkuku, uti wa chombo. Msellem alikuwa na karata moja, na hakuipenda.

"Nani baharia wa kwanza?"

"Mwanangu Mbarouk."

"Basi apande. Kiondoke sasa hivi, moja kwa moja mpaka Unguja." Akageuka. "Toeni gadi!"

Mbarouk alipanda. Gadi ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Chombo kikatikisika. Hija aliwaacha watu wa kamba, akasogea ukingoni. Ya tatu ilipoguswa, aliingia majini na kanzu yake.

"Mshusheni! Mshusheni mwanangu, ubao ule mbovu!"

Kamba zikaachwa. Gadi zikarudishwa. Hija aliongea maji yakiwa magotini.

"Ubao mzuri niliukata vibaya. Mwengine nilidhani haupatikani, mbao adimu kwa vita. Nikatia ulioliwa na wadudu, nikaufunika kwa kalafati na deheni. Nikasema nitaubadilisha, siku zikapita. Leo napita kwenda msikitini namkuta kaka kaufungua mshono. Akasema, 'La kuvunda halina ubani, Hija.' Nikajua atanitangaza mbele ya kijiji. Mjukuu wa fundi wa Seyyid! Shoka lilikuwa pale."

"Ukaufunga mshono tena."

"Maji yanakuja, na mshono u wazi. Mkono ulikwenda wenyewe, bwana. Sikumbuki hata nilipochukua pamba."

Msellem alimfungua Ngwali kwa mkono wake. Pingu zilezile akamtia Hija.

Bi Mize alikuwa amekuja mpaka ukingoni, mtandio umemwanguka mabegani. Alisema polepole, na kila mtu alisikia.

"Hakutaka kukutangaza. Kwa nini unafikiri alikwenda watu wakiwa msikitini? Leo angejitia mgonjwa, chombo kingoje bamvua lijalo. Ubao mwengine uko uvunguni mwa kitanda changu. Kaupiga randa usiku kucha, ili mje muutie nyinyi wawili tu, mtu asijue."

Hija aliketi palepale majini. Mwanawe alishuka, akampita bila ya kumtazama, akaenda nyumbani kwa ami yake kuuchukua ubao.